MWENYE PIKIPIKI NA FUNDI: KAZI IPI NI YA NANI?

Pikipiki ni mali. Mtu aliyenunua pikipiki kwa mkopo, naye akaitumia kuchukua abiria, maziwa, mboga au bidhaa za duka, ameweka riziki ya nyumba yake juu ya magurudumu mawili. Siku chombo kinapolala, fedha haziingii, lakini deni halilali. Kwa hiyo swali lililo mbele ya kila mwenye pikipiki si dogo: Je, akitunze chombo chake kwa mikono yake mwenyewe, au akipeleke kwa wakala aliyemwuzia, ambako kuna mafundi waliosomea kazi hiyo, na alipe?

Wako wasemao ya kuwa kumlipa fundi kwa kazi ndogo ni kutupa fedha. Wako wengine wasemao ya kuwa asiyesomea ufundi asiguse hata nati moja. Kila upande una haki yake, na kila upande una kosa lake. Yafaa msomaji azipime hoja zote mbili kabla ya kufungua mkoba wake au kushika spana.

MFANO WA MAJIRANI WAWILI

Na ichukuliwe mfano wa majirani wawili wakaao katika nchi ya baridi ya Nyandarua, ambako njia nyingi za vijijini ni za udongo: wakati wa mvua ni tope, wakati wa kiangazi ni vumbi.

Wa kwanza ni mtu wa makamo, mchukuzi wa maziwa. Kila alfajiri hukusanya maziwa ya jirani zake na kuyapeleka kwenye mtambo wa kupozea. Yeye humwamini wakala kabisa. Kila miezi mitatu hupeleka pikipiki mjini, hulipa bila kuuliza neno, na baada ya hapo haitazami tena mpaka miezi mitatu mingine ipite. Asubuhi moja, akiteremka mlima na mitungi miwili imejaa, cheni iliyolegea iliruka kutoka katika meno yake na kukwama. Gurudumu la nyuma likafungika ghafula. Mzee akaanguka, goti likapasuka, na maziwa ya nyumba kumi na mbili yakamwagika njiani.

Wa pili ni kijana wa bodaboda. Yeye hujivunia ya kuwa hajampa fundi yeyote hata shilingi moja. Pikipiki yake ilikuwa bado changa, haijatimiza mwaka, aliposikia kelele ndogo kichwani mwa injini. Akaifungua jioni ile ile alipotoka kazini, injini ikiwa bado ya moto, akakaza nati za vali mpaka kelele zikakoma. Kwa muda wa juma moja alifurahi. Juma la pili pikipiki ikaanza kushindwa kupanda vilima. Mwisho ikakataa kuwaka.

Wote wawili wakakutana katika karakana ya wakala, mbele ya fundi mkuu.

"Mzee," fundi akauliza, "cheni hii ilitiwa mafuta lini?"

"Ninyi ndio mnaojua," mchukuzi wa maziwa akajibu kwa hasira kidogo. "Mimi nililipa sevisi yote."

"Ulilipa, Mzee, wala hatukatai. Lakini tangu siku ile miezi miwili imepita. Sisi tunaiona pikipiki yako mara nne kwa mwaka. Wewe unaiona kila asubuhi."

Kisha akamgeukia yule kijana. "Nawe, kijana wangu, vali ulizipima kwa kipimo gani?"

"Kwa sikio, fundi. Zilikuwa zikipiga kelele, nikazikaza mpaka zikanyamaza."

"Vali iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuogopwa," fundi akasema. "Sikio husikia iliyolegea. Iliyokazwa kupita kiasi haina sauti, bali inaungua kimya kimya."

Vali ya kutolea moshi ilikuwa imeungua ukingoni. Na kwa kuwa injini ilifunguliwa na mtu asiyeruhusiwa wakati dhamana ilikuwa haijaisha, wakala hakuweza kuitengeneza bure. Basi mmoja aliumia kwa kuacha kazi iliyokuwa yake, na mwingine aliumia kwa kushika kazi isiyokuwa yake.

KWA NINI INJINI NDOGO YATAKA ULINZI

Injini ya pikipiki za kawaida za kazi, zile za sentimeta za ujazo 100 hadi 150, hubeba oili kiasi cha lita moja tu. Oili hiyo moja hufanya kazi nyingi: hulainisha pistoni, hulainisha giya, huilowesha klachi, na husaidia kuchukua joto. Katika magari mengi oili ya injini na mafuta ya giya hukaa mahali mbalimbali. Katika pikipiki nyingi hukaa pamoja. Kwa hiyo oili ya pikipiki huchoka upesi, na ikipungua hata robo lita, ni sehemu kubwa ya kinga iliyokwisha kuondoka.

Kampuni ya Honda ya Japani iliitambua shida ya pikipiki zisizotunzwa zamani. Katika miaka ya 1970 wahandisi wake waliona ya kuwa katika nchi nyingi zinazoendelea pikipiki zilibebeshwa mizigo mizito na kukaa muda mrefu bila kubadilishwa oili. Wakabuni pikipiki iitwayo CG125, iliyotoka mwaka wa 1976. Vali zake zilisukumwa kwa fito, namna rahisi yenye kustahimili shida, na cheni ya gurudumu ilifunikwa ili vumbi lisiingie. Injini ya namna hiyo iliigwa na viwanda vingi vya China, na pikipiki nyingi zilizoletwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 2000 ni za ukoo huo. Lakini hata chombo kilichobuniwa kistahimili uzembe hakiwezi kuishi bila oili. Mhandisi aliweza kumpunguzia mwenye chombo kazi, hakuweza kumwondolea.

KAZI ZA MWENYE CHOMBO

Ziko kazi ambazo hapana mtu awezaye kuzifanya vema kuliko mwenye pikipiki, kwa sababu zataka jicho la kila siku kuliko ufundi mwingi.

Kwanza, matairi. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kipimo wala si kwa kupiga teke. Kiasi kinachotakiwa huandikwa katika kitabu cha pikipiki, na mara nyingi huandikwa pia katika kibandiko kilicho juu ya kifuniko cha cheni. Tairi lenye upepo kidogo hupata moto, huliwa upesi, na huyumba penye kona.

Pili, cheni. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa, gia ikiwa huru na injini imezimwa. Cheni iinuliwe na kushushwa kwa kidole katikati ya upande wake wa chini. Katika pikipiki nyingi ndogo za kazi yatakiwa icheze kiasi cha milimita 20 hadi 30. Kitabu ndicho kitakachotoa neno la mwisho. Gurudumu lizungushwe na cheni ipimwe mahali kadhaa, maana cheni iliyokwisha kuvutika huwa imelegea hapa na kukaza pale. Kipimo kichukuliwe pale ilipokaza zaidi. Wakati wa kuikaza, nati za kurekebishia za kulia na za kushoto zizungushwe sawasawa, na alama za pande zote mbili zilingane, la sivyo gurudumu litakwenda upande. Cheni iliyolegea huruka, kama ilivyomruka mchukuzi wa maziwa. Iliyokazwa mno nayo hula meno yake, na huharibu beringi za gurudumu na za giya. Baada ya kazi hiyo nati kubwa ya ekseli ikazwe barabara, na breki ya nyuma ipimwe tena, kwa kuwa gurudumu likisogea breki nayo hubadilika.

Injini isiwashwe kamwe ili cheni izunguke yenyewe wakati wa kuisafisha. Kitambaa kikinaswa, huvuta kidole pamoja nacho mpaka kwenye meno.

Tatu, chujio la hewa. Katika nchi ya vumbi, chujio ndilo pua la injini. Likiziba, petroli huliwa zaidi na moshi huwa mweusi. Likitoboka, vumbi huingia na kusaga pistoni kama jiwe la kusagia. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hukaushwa kabisa kivulini, kisha hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. Chujio la karatasi halioshwi. Hukung'utwa taratibu, na wakati wake ukifika hubadilishwa. Petroli isitumiwe kuoshea kitu chochote, kwa maana mvuke wake hutambaa chini na kukutana na moto wa jikoni kabla mtu hajatambua.

Nne, plagi. Plagi ifunguliwe injini ikiwa imepoa. Rangi yake husema habari za ndani: kahawia hafifu ni dalili ya afya; nyeusi yenye masizi ni dalili ya petroli nyingi au chujio lililoziba; nyeupe kama chokaa ni dalili ya joto kupita kiasi. Wakati wa kuirudisha, izungushwe kwanza kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo spana ifuate kwa kiasi kidogo. Kichwa cha injini ni cha alumini, chuma laini. Nyuzi zake zikikatika, gharama yake huzidi bei ya plagi nyingi.

Tano, breki. Pedali na mkono wa breki vitazamwe kila siku. Katika breki za ngoma, pikipiki nyingi zina mshale mdogo nje ya ngoma. Ukifika alama ya mwisho, lainingi zimekwisha na hapana kukaza tena, ni kubadilisha. Vumbi la lainingi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, bali lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa, kwa kuwa ni baya kwa mapafu.

Sita, oili. Hii ndiyo kazi kubwa zaidi miongoni mwa kazi za nyumbani.

JINSI YA KUBADILISHA OILI

Pikipiki itembezwe kidogo ili oili ipate vuguvugu na kutiririka vizuri, lakini isiwe ya kuunguza. Isimamishwe wima mahali palipo sawa. Chombo kiwekwe chini, nati ya kutolea oili ifunguliwe, na oili yote iachwe itoke bila haraka. Nati na washa yake vifutwe na kutazamwa. Chembe kubwa za chuma zikionekana, hiyo si kazi ya nyumbani tena, pikipiki ipelekwe kwa fundi. Mahali penye chujio au wavu wa oili, kitabu kifuatwe.

Nati irudishwe kwa vidole kwanza, kisha ikazwe kwa kiasi. Wengi huivunja hapa kwa kudhani ya kuwa nguvu nyingi ni usalama mwingi. Ndipo oili mpya itiwe kwa kipimo kilichoandikwa, injini iwashwe dakika chache, izimwe, ingojewe, kisha ipimwe tena kwa kijiti. Kitabu kitaeleza kama kijiti hukazwa wakati wa kupima au huegeshwa tu, maana mtu akikosea hapo hudanganywa na kipimo chake mwenyewe.

Oili yenyewe iwe ya pikipiki. Baadhi ya oili za magari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, nayo klachi ya pikipiki, ambayo hulowa katika oili hiyo hiyo, huanza kuteleza. Tangu mwaka wa 1998 Wajapani wameweka kipimo kiitwacho JASO kwa ajili ya oili za pikipiki za mipigo minne. Kopo lenye alama ya JASO MA lafaa kwa klachi ya namna hiyo. Unene wa oili, kama vile 20W-50 au 10W-30, uwe ule uliotajwa na kitabu cha pikipiki yenyewe.

Oili chafu isimwagwe shambani, mtaroni wala karibu na kisima. Ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwenye karakana inayoikusanya. Wala isizoelekwe mikononi, kwa sababu oili iliyotumika ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka yaweza kuleta saratani. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara.

KAZI ZA FUNDI ALIYESOMEA

Kwanza ni kila kazi iliyo chini ya dhamana. Pikipiki mpya huja na kitabu cha sevisi chenye masharti. Kwa kawaida sevisi za mwanzo hufanywa na wakala, na mhuri hupigwa kitabuni. Asiyetimiza masharti hayo aweza kupoteza haki ya kutengenezewa bure kosa la kiwanda. Kabla dhamana haijaisha, fedha inayolipwa kwa wakala si ya oili tu, bali pia ni ya kuilinda haki hiyo.

Pili ni kazi zitakazo vifaa maalumu: kupasua injini, kutoa sumaku ya umeme, kubadilisha beringi, kunyoosha rimu na kufungua shokomzoba za mbele. Nyundo na patasi si badala ya vifaa hivyo.

Tatu ni vali. Nafasi ya vali katika injini hizi mara nyingi ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, nayo hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu katika pigo la kubana, kwa vibamba vyembamba vya kupimia. Mtu aliyefundishwa na mwenye vibamba hivyo aweza kuifanya. Mwenye sikio tu asiijaribu.

Nne ni breki za diski. Pafu likiisha, au mkono wa breki ukiwa laini kama sponji, huenda hewa imeingia katika mafuta ya breki. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na kwa hiyo hubadilishwa kwa muda, mara nyingi kila miaka miwili. Kosa katika kazi hii halionekani karakana; huonekana mteremkoni, abiria akiwa nyuma.

Tano ni mitambo mipya yenye kunyunyiza petroli kwa kompyuta, ambayo hupimwa kwa chombo cha wakala. Na kuhusu pikipiki za umeme, ambazo katika miaka ya 2020 zimeanza kuenea Nairobi na katika miji mingine ya Kenya, mwenye chombo hana oili ya injini wala plagi ya kutunza. Lakini matairi na breki ni vile vile, na betri yake kubwa isifunguliwe na mtu asiyefundishwa.

Kati ya wakala na nyumbani yuko fundi wa jua kali. Wengi wao ni mafundi hodari, nao wako karibu. Ila mwenye chombo asimame pale kazi inapofanywa, aulize, na adai kuona kifaa cha zamani kilichotolewa na boksi la kipya kilichotiwa. Kifaa cha bandia hakina bei nafuu.

HESABU YA SHILINGI

Hesabu hii ni ya mfano tu. Kila msomaji aweke bei za mahali pake. Tuseme mwendeshaji huenda kilomita 100 kwa siku, naye hubadilisha oili kila kilomita 3,000. Basi hubadilisha kila siku 30 za kazi, yaani karibu mara 12 kwa mwaka. Oili atainunua kwa vyovyote, kwa hiyo isihesabiwe. Akienda mjini hulipa ujira wa shilingi 400, petroli ya safari shilingi 150, na kukosa kazi ya nusu siku, shilingi 500. Jumla ni shilingi 1,050 kila mara, na kwa mwaka shilingi 12,600. Akinunua spana nzuri, kipimo cha upepo na beseni kwa shilingi 3,500, katika mwaka wa kwanza atabaki na shilingi 9,100.

Lakini akikata nyuzi za nati ya oili kwa kukaza mno, na kulipa shilingi 4,000 za kuzitengeneza, karibu nusu ya akiba hiyo imekwenda kwa dakika moja. Kwa hiyo faida haimo katika spana; imo katika mkono uliofundishwa. Njia nzuri ni kuifanya kazi kwa mara ya kwanza mbele ya fundi, hata kwa kumlipa ujira wake, kisha kuirudia nyumbani bila haraka, kitabu kikiwa wazi.

Aidha, kila mwenye pikipiki na awe na daftari. Aandike tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, kifaa kilichonunuliwa na bei yake. Daftari humkumbusha mwenyewe, humsaidia fundi kutafuta ugonjwa, na siku ya kuuza chombo humwonyesha mnunuzi ya kuwa kilitunzwa.

MWISHO

Majirani wale wa Nyandarua waliondoka karakana wakiwa wamejifunza. Mzee alirudi na kopo la mafuta ya cheni na kipimo cha upepo. Kila jioni, kabla ya kuingia ndani, hutoa dakika kumi kwa pikipiki yake. Kijana aliomba ruhusa ya kusimama kando ya fundi siku nzima atazame, na sasa kichwa cha injini humwachia mwenye vibamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini anayeziba ufa kwa kubomoa nguzo hakujenga kitu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Je, cheni ya pikipiki yako hucheza milimita ngapi, na kitabu chasema ngapi?
2. Dhamana ya chombo chako inaisha lini, na masharti yake ni yapi?
3. Oili iliyomo ndani ya injini yako ilitiwa tarehe gani, na kopo lake lilikuwa na alama gani?
4. Kazi ipi unailipia kila mwezi ambayo waweza kufundishwa kuifanya, na ipi unaifanya ambayo yapasa kumwachia fundi?